Imani ya Kuazima: Kariakoo na Ujenzi wa Timu ya TANU

Katika semina nyingi za uongozi zinazofanyika kwenye kumbi za hoteli jijini Dar es Salaam, imani kati ya kiongozi na timu yake huelezwa kana kwamba chemchemi yake ni kiongozi mwenyewe, ambaye kwa ufasaha na maono yake huiibua kisha akaigawa kwa wale anaowaongoza. Historia ya Kariakoo, mtaa ulio mwendo mfupi tu kutoka kumbi hizo, haikubaliani na maelezo hayo. Kati ya mwaka 1950 na 1962 kikundi kidogo cha watu waliotofautiana kwa dini, kabila, elimu na kipato kiliunda katika mtaa huo timu ya uongozi iliyoifikisha Tanganyika kwenye uhuru, na anayeichunguza timu hiyo kwa makini hugundua kwamba imani iliyowaunganisha haikutengenezwa na kiongozi wao mkuu. Yeye aliikuta mtaani, akaazimwa, na akalazimika kuthibitisha kwa gharama kubwa kwamba anastahili kuazimwa.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kueleza kinachokusudiwa hapa kwa imani na kwa mshikamano. Imani ni utayari wa mtu kujiweka mikononi mwa mwenzake katika jambo linaloweza kumdhuru, huku akijua kwamba hana njia ya kumchunga mwenzake huyo kila saa. Mwaka 1995 wataalamu watatu wa menejimenti nchini Marekani, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, walichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa, wakieleza kwamba mtu anapoamua kumwamini mwingine hupima mambo matatu, yaani uwezo wa mtu huyo katika kazi inayohusika, nia yake njema kwa anayemwamini, na uadilifu wake, maana yake ni kushika kanuni zilezile mbele za watu na faraghani. Mshikamano, kwa upande wake, ni nguvu inayowafanya wanatimu wabaki pamoja hata pale ambapo kuondoka kungemnufaisha mmoja wao. Viwili hivi hukaa pamoja mara nyingi, lakini si kitu kimoja. Genge la wezi laweza kushikamana sana kwa sababu ya hofu, na bado kila mmoja akalala jicho moja likiwa wazi.

Biashara ya Kariakoo yenyewe huendeshwa kwa kiasi kikubwa na imani ya namna hiyo. Mchuuzi huchukua bidhaa kwa mfanyabiashara wa jumla kwa utaratibu unaoitwa mali kauli, yaani bila fedha taslimu na mara nyingi bila hati yoyote, kwa ahadi ya mdomo kwamba fedha italetwa mzigo ukishauzwa. Mgeni hapewi mali kauli kwa uzuri wa maneno yake. Hupewa kwa kuwa yupo mtu anayejulikana sokoni aliyelitaja jina lake, na mtu huyo anaelewa vyema kwamba mgeni akitokomea na mzigo, jina litakalochafuka ni la yule aliyemtambulisha. Kwa hiyo katika mapatano hayo wapo watatu, mwenye mali, mgeni na mdhamini, na ingawa vitabu vya uongozi vimejaa maelezo kuhusu wawili wa kwanza, ni vichache mno vinavyomkumbuka wa tatu. Kisa cha TANU, chama cha timu hiyo iliyoifikisha Tanganyika kwenye uhuru, kikitazamwa kutoka Kariakoo, ni kisa cha wadhamini.

Kariakoo ya miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa mtaa wa Waafrika wenye barabara zilizonyooka, uliotengwa na Uhindini kwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wapangaji wa mji wa kikoloni waliuacha wazi kwa makusudi ili watu wa rangi tofauti wasiishi bega kwa bega. Ndani ya mtaa wenyewe utengano wa aina hiyo haukuwezekana. Nyumba ya Kiswahili, yenye ushoroba katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma na baraza mbele, iliweza kuwa na mwenye nyumba Mzaramo, mpangaji Mmanyema na mwingine Mnyamwezi, wote wakitumia uwani mmoja na kupeana zamu ya maji, hivi kwamba kuishi na asiye wa kabila lako kulikuwa jambo la kila asubuhi kabla hakujawa kaulimbiu ya chama chochote. Watu haohao walikutana tena katika vyama vya maziko, katika michezo ya upatu, katika vikundi vya ngoma na katika klabu za mpira, na huko kote waliweza kuona nani anatunza fedha ya wenzake na nani anaila. Kwa lugha ya wataalamu waliotajwa juu, uadilifu wa watu wa Kariakoo ulikuwa umekwisha kupimwa kwa miaka mingi katika mambo madogo.

Juu ya msingi huo zilijengwa taasisi zenye mwelekeo wa kisiasa. African Association ilianzishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa miongoni mwa waasisi wake, na wanachama walijijengea ofisi yao katika Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwanawe, Abdulwahid Sykes, alirudi kutoka vitani Burma alikopigana katika jeshi la King's African Rifles, na baada ya mgomo wa makuli wa bandari wa mwaka 1947, uliosambaa kutoka Dar es Salaam kufuata njia ya reli hadi bara, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandari. Chama hicho hakikudumu, kwani mgomo wa mwaka 1950 ulizaa ghasia na serikali ikakivunja. Somo lililobaki kwa waliokuwepo lilikuwa kali, kwamba hasira ya pamoja huweza kuwasimamisha watu kwa wiki moja au mbili, lakini haitoshi kuwaweka pamoja baada ya polisi kufika.

Mwaka huohuo wa 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi alikuwa rais wa African Association, ambayo sasa iliitwa Tanganyika African Association, au TAA, na Abdulwahid akawa katibu wake. Serikali iliujibu uongozi huo kwa njia nyepesi isiyohitaji hata askari mmoja: ilimpa Dk. Kyaruzi, ambaye alikuwa daktari wa serikali, uhamisho wa kwenda mbali na mji mkuu. Hapa udhaifu wa timu ulijidhihirisha. Viongozi wengi walikuwa waajiriwa wa serikali, na baadaye watumishi wa serikali walikatazwa kabisa kujihusisha na siasa, kwa hiyo mwajiri aliweza kuitawanya timu kwa barua za uhamisho tu. Alihitajika mtu mwenye elimu ya kutosha kubishana na wakoloni kwa lugha yao na, ikibidi, mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini pia mtu ambaye angeweza kuacha ajira yake.

Julius Nyerere, aliyerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952 na kuanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, alikuwa na sifa ya uwezo, lakini kwa watu wa Kariakoo hakuwa na kitu kingine. Alitoka Butiama, kando ya Ziwa Viktoria. Alikuwa Mkatoliki katika mji ambao wakazi wake wengi wa Kiafrika walikuwa Waislamu. Hakuwa na ndugu mtaani, hakuwahi kucheza ngoma na yeyote wala kuzika na yeyote. Joseph Kasella Bantu alimpeleka kwa Abdulwahid Sykes, na kupitia nyumba ya Abdulwahid akajulishwa kwa Dossa Aziz, kwa Ally Sykes, na kwa wazee wa mji. Mwezi Aprili mwaka 1953, katika ukumbi wa Arnautoglou karibu na Mnazi Mmoja, wajumbe wa TAA walimchagua Nyerere kuwa rais badala ya Abdulwahid, ambaye ndiye aliyekuwa akikiongoza chama wakati huo.

Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa safari ya Nyerere, jambo ambalo ni kweli, ila kwa mtafiti wa mambo ya timu uzito wake uko kwa aliyeshindwa. Abdulwahid hakujitenga wala hakuunda kundi lake. Alibaki akiwa makamu wa mtu aliyemshinda. Katika mtaa ambao kila mmoja alimjua tangu utoto na alimjua baba yake kabla yake, kitendo hicho kilikuwa sawa na mdhamini kusema hadharani kwamba mgeni huyu akiharibu, deni lije kwangu. Inawezekana kabisa kwamba hotuba kumi za Nyerere zisingefanya kazi iliyofanywa na ukimya huo. Pale TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 katika ofisi ya New Street, mbele ya wajumbe 17, kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere na kadi namba 2 ya Ally Sykes, mdogo wake Abdulwahid, ambaye ndiye aliyeshughulikia uchapishaji wa kadi hizo.

Hata hivyo imani iliyoazimwa haikai mkononi kwa muda mrefu bila aliyeazimwa kuonyesha chake. Mwezi Machi mwaka 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, safari iliyowezeshwa na michango ya wanachama, na aliporejea uongozi wa shule ulimtaka achague kati ya ualimu na siasa. Alijiuzulu ualimu mwezi huohuo. Kwa mtu mwenye shahada ya Uingereza, wakati ambapo Waafrika wenye shahada nchini walikuwa wachache mno, kuacha mshahara na nyumba ya shule kulikuwa hasara isiyoweza kuigizwa, na ndiyo maana iliaminika. Wataalamu wa uchumi huita kitendo cha namna hii ishara ya gharama, yaani tendo linalomgharimu mtendaji kiasi kwamba mwongo hawezi kumudu kulifanya. Maneno ya kujitolea yalikuwa ya bure na kila mwanasiasa aliyapata; barua ya kuacha kazi haikuwa ya bure.

Gharama hiyo haikubebwa na mtu mmoja, na hapa ndipo timu ilipoanza kuwa timu. Nyerere na familia yake walihifadhiwa kwanza na Abdulwahid, kisha wakahamia Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Dossa Aziz alikitolea chama gari lake. John Rupia, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa makamu wa rais wa TANU, alifungua mfuko wake mara kwa mara. Mzee Mshume Kiyate, muuza samaki katika Soko la Kariakoo, aliilisha familia ya kiongozi asiyekuwa tena na mshahara. Mtaa uliokuwa ukiitwa Tandamti, kando ya soko, sasa una jina lake. Abdulwahid mwenyewe, aliyekuwa msimamizi wa soko hilo, hakuweza kujitokeza sana majukwaani kwa sababu ya ajira yake, lakini ofisi yake ilikuwa mahali pa kukutania, na sokoni kila mgeni ana sababu halali ya kuingia. Hakuna polisi ambaye angeweza kumuuliza mtu amefuata nini Kariakoo.

Kinachostahili kuangaliwa katika orodha hiyo si ukarimu peke yake. Kiongozi aliyelishwa na kuvishwa na wenzake hakuwa na njia ya kujikweza juu yao, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na uwezo wa kumnyima. Uongozi wa kawaida wa ofisini huenda kinyume: mkuu ndiye anayeshika mishahara, likizo na barua za onyo, kisha hushangaa kwa nini wa chini yake hawamwambii ukweli. Utegemezi wa pande mbili, yaani hali ambayo kiongozi anawahitaji wenzake kama wao wanavyomhitaji, hausemwi sana kwa sababu hauwapendezi wakubwa, lakini katika Kariakoo ya mwaka 1955 ndio uliofanya mazungumzo ya barazani yawe ya kweli.

Mfano ulio bora zaidi wa namna imani inavyoweza kusafiri kwa wingi, kutoka kwa mdhamini mmoja hadi kwa maelfu, ni wa Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliitembelea TANU na kuuliza walipo wanawake wa chama hicho. Swali lilikuwa la aibu kidogo, maana wanaume wa Kariakoo walikuwa wamejenga harakati nzima bila kuzifikiria kadi za wake zao na dada zao. Schneider Plantan, mmoja wa wanaume hao, alimpata Bibi Titi, mwanamke wa miaka chini ya 30, mwenye elimu ya darasa la nne, aliyefahamika mjini kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba na ambaye hakuwa amewahi kuhutubia mkutano wa siasa. Yeye hakuanza kwa kupita nyumba hadi nyumba. Aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, akazungumza nao, na wao wakarudi kwa wanachama wao. Kufikia mwezi Oktoba mwaka huo wanawake waliokuwa wamejiunga na TANU walihesabiwa kuwa 5,000 hivi.

Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao walipokuwa wazee na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba wengi wao hawakuwa wafuasi waliofundishwa utaifa na wasomi. Walikuwa tayari na utaifa wao wenyewe uliotokana na maisha ya vikundi vilivyochanganya makabila. Ufafanuzi huo unaeleza kwa nini mbinu ya Bibi Titi ilifaulu haraka namna ile. Kikundi cha ngoma kilikuwa na mwenyekiti, mtunza fedha, sare, michango ya arusi na ya msiba, na taratibu za kumkemea anayechelewa au anayesengenya. Mwanamke aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuuza vitumbua au maandazi hakuwa na haja ya kupima kama TANU ni chama kizuri. Alichohitaji kupima ni kama kiongozi wake wa ngoma, ambaye hakuwahi kumwibia, angeweza kumpeleka pabaya. Nyerere, kwa upande wake, alifanya jambo ambalo viongozi wengi waliopewa msaada wa namna hiyo hushindwa kulifanya: alimpandisha Bibi Titi jukwaani Mnazi Mmoja, akazunguka naye nchini, na kumwacha aseme kwa namna yake, kwa mizaha na lugha ya mtaani, badala ya kumgeuza kuwa mpiga vigelegele wa hotuba za wanaume.

Kwa kuwa sifa za umoja huo zimeimbwa sana, ni haki pia kuangalia siku ulipokaribia kupasuka. Serikali ya kikoloni iliandaa uchaguzi ambamo kila mpiga kura alilazimika kuwapigia wagombea watatu kwa pamoja, mmoja Mwafrika, mmoja wa asili ya Asia na mmoja Mzungu, utaratibu uliokuja kuitwa kura tatu. Kwa wanachama wengi wa TANU huo ulikuwa utukanaji mtupu, kwani walio wachache mno walipewa uzito sawa na mamilioni. Katika mkutano mkuu wa chama uliofanyika Tabora mwezi Januari mwaka 1958, wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kuususia uchaguzi. Nyerere alishikilia kwamba kususia kungewapa ushindi wa bure wapinzani wao wa United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na Gavana Twining, na baada ya mabishano makali ya siku kadhaa mkutano ukakubali kushiriki kwa masharti. Matokeo yalimpa haki. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, wagombea wa TANU na walioungwa mkono nayo, wakiwemo Amir Jamal na Derek Bryceson, walishinda.

Watafiti wa kazi za timu husema kwamba timu yenye usalama wa kusema, maana yake hali ambayo mtu anaweza kumpinga mkubwa wake bila kuadhibiwa, huamua vizuri zaidi kuliko timu yenye utulivu wa juu juu. Tabora ilikuwa na usalama huo kwa kiasi chake, kwani waliopinga walipinga kwa sauti na kwa muda mrefu, lakini haikuwaridhisha wote. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama cha African National Congress, ambacho hakikupata wafuasi wa maana, na baada ya uhuru alirejea TANU. Suala la Sheikh Suleiman Takadir lilikuwa zito zaidi. Yeye alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, chombo kilichompa Nyerere heshima ya wazee wa mji, na mwaka 1958 alieleza hadharani wasiwasi wake kwamba baada ya uhuru kiongozi huyo angewapendelea Wakristo wenzake. Chama kilimfukuza na wenzake wa mtaani wakamtenga. Waliofanya hivyo walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waislamu wenzake, ambao waliona kwamba mjadala wa dini ungevunja kila kitu kabla Bendera ya Uingereza haijashushwa. Uamuzi ulilinda mshikamano, hilo haliwezi kukanushwa. Lakini uliulinda kwa kuliweka swali kando, si kwa kulijibu, na swali lililowekwa kando halikufa.

Kariakoo ina mfano mwingine wa mpasuko, nao unafahamika hata kwa wasiojali siasa. Klabu ya Young Africans, yaani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935 na yenye makao yake Jangwani, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, zimekuwa vyama vya kijamii kama zilivyo timu za mpira. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika pande mbili ambazo mtaa, kwa ulimi wake mkali, uliziita Raizoni na Kandambili, majina ya viatu vya wenye nacho na vya walalahoi, na sehemu kubwa ya wachezaji nyota ikaondoka na kuunda Pan African. Vipaji havikupungua hata kimoja. Pan African yenyewe ilikuja kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982. Kilichopotea kilikuwa ile hali ya wenye vipaji na wenye klabu kuamini kwamba wanavuta upande mmoja, na aliyevuna ni jirani, kwani Simba ilichukua ubingwa mfululizo kuanzia mwaka 1976 hadi 1980. Mashabiki wa Yanga wa rika hilo hawapendi kukumbushwa.

Suala la nani amdhamini nani halijatoweka Kariakoo ya leo. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akawasikiliza kwa saa nyingi na kutoa maagizo. Mwezi Juni mwaka 2024 maduka yalifungwa tena. Migomo hiyo ina sababu zake za kikodi ambazo haziwezi kuelezwa hapa, lakini kwa upande wa uongozi wa wafanyabiashara inaonyesha ugumu wa kazi ya mtu wa kati. Mwakilishi wa wafanyabiashara hupeleka neno la wenzake serikalini na huleta neno la serikali kwa wenzake, na kila ahadi inayocheleweshwa hukatwa kwenye jina lake yeye, ingawa si yeye aliyeahidi.

Hapo ndipo linapokuja deni, sehemu ambayo simulizi za kujenga timu huiacha. Anayechukua mali kauli hulipa. Kiongozi aliyeazimwa imani na wadhamini wake hulipa kwa kitu gani? Nyerere alilipa sehemu yake kwa njia isiyo ya kawaida, alipojiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, kiongozi aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi, ili yeye arudi kukijenga chama, kabla ya kurejea kama Rais mwezi Desemba mwaka huo. Kitendo hicho kiliwaambia wenzake kwamba kiti si mali yake, na kilisema hivyo kwa uwazi kuliko tamko lolote. Lakini wadhamini wa kwanza hawakuwa wote katika hesabu hiyo. Abdulwahid Sykes alifariki mwezi Oktoba mwaka 1968 bila kushika wadhifa mkubwa katika nchi huru, na kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimtaja kidogo au havikumtaja.

Kisa cha Bibi Titi ni kigumu zaidi kukihukumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kanuni iliyokusudiwa kulinda ule uadilifu ambao bila huo wananchi wasingeendelea kuwaamini waliokuwa madarakani, na kwa hoja hiyo ni kanuni inayoweza kutetewa hadi leo. Katika mji wa Dar es Salaam, hata hivyo, chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa akiba ya mtu asiye na mshahara wa serikali wala pensheni, na hasa ya mwanamke. Bibi Titi alikuwa na nyumba za namna hiyo, akaipinga kanuni na kuachia nafasi yake katika uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972. Walioandika masharti ya uongozi walikuwa na mishahara, na akiba ya yule aliyewaletea wanawake 5,000 katika mwaka mmoja ilikuwa nyumba zake za kupangisha. Tofauti hiyo ya riziki ndani ya timu moja ilikuwapo tangu siku za New Street, wakati muuza samaki alipokuwa akimlisha mwalimu, ila wakati huo hakuna aliyelazimika kuizungumzia.